El-Hadary: Rekodi ya umri ndiyo ndogo kuliko zote

Waulize vijana wanaobishania mpira vijiweni Essam El-Hadary ni nani, wengi watakujibu bila kufikiri: yule babu wa Misri aliyecheza Kombe la Dunia na miaka 45. Hawajakosea. Juni 25, 2018, katika jiji la Volgograd nchini Urusi, El-Hadary alikaa langoni dhidi ya Saudi Arabia akiwa na umri wa miaka 45 na siku 161. Kabla yake hakuna mchezaji wa nafasi yoyote aliyewahi kucheza fainali za Kombe la Dunia akiwa na umri huo. Rekodi aliyoivunja ilikuwa ya kipa mwenzake, Faryd Mondragón wa Colombia, aliyeiweka mwaka 2014 akiwa na miaka 43 na siku tatu, tena kwa kuingizwa dakika za mwisho mechi ikiwa imeshaamuliwa. Kabla ya Mondragón alikuwepo Roger Milla wa Kameruni, na miaka yake 42.

Hata hivyo, jibu hilo la vijiweni huwa linanikera. Linamfanya El-Hadary aonekane kioja, mzee aliyepewa jezi kwa heshima ya mvi zake. Huyu ni mtu aliyetwaa Kombe la Mataifa ya Afrika mara nne, akatajwa kipa bora wa mashindano hayo mara tatu mfululizo, na akawanyima raha washambuliaji wa bara hili kwa zaidi ya miaka kumi. Kumkumbuka kwa cheti chake cha kuzaliwa ni kumpunja.

Cheti chenyewe kinasema alizaliwa Januari 15, 1973, katika mji mdogo wa Kafr El-Battikh mkoani Damietta, kaskazini mwa Misri, si mbali na pale Mto Nile unapomwaga maji yake katika Bahari ya Mediterania. Damietta ni mkoa wa maseremala, na samani zake zinasifika Misri nzima. Mtoto wa huko akishindwa shule, hushika randa na msumeno. Mpira haukuwemo katika hesabu za wazazi wa El-Hadary. Mwenyewe amesimulia jinsi alivyokuwa akicheza kwa kificho, kisha anazifua nguo zenye matope mtoni kabla ya kurudi nyumbani asije akagundulika. Amesimulia pia kwamba alizoea kudaka kwa mikono mitupu, kiasi kwamba alipopewa glovu aliziona kama mzigo. Msomaji wa kwetu aliyewahi kuchapwa kwa sababu ya viatu vya shule vilivyopasukia uwanjani hatahitaji kuelezwa zaidi.

Alianzia klabu ya mkoa wake, Damietta, iliyokuwa daraja la pili. Kisha ukaja mwaka 1996. Mwezi Machi alivaa jezi ya taifa kwa mara ya kwanza, katika mechi ya kirafiki dhidi ya Korea Kusini, na mwaka huohuo akasajiliwa na Al Ahly ya Cairo, klabu ambayo Afrika nzima inaijua kwa makombe yake. Siku ile anaanza kuichezea Misri, Mohamed Salah alikuwa hajatimiza miaka minne. Ramadan Sobhi alikuwa hajazaliwa. Wote wawili walikuja kucheza naye timu moja.

Kuingia Ahly ni jambo moja, kupata namba ni jambo lingine, na kwa kipa jambo hilo la pili ni adhabu ya aina yake. Mshambuliaji wa akiba huwa na matumaini kila Jumamosi, maana kocha anaweza kumpa robo saa ya mwisho akafunga, na kesho magazeti yakamwandika. Kipa wa akiba hana robo saa. Anapasha misuli moto na wenzake, anampigia kipa namba moja mipira ya mazoezi, halafu anavaa koti na kukaa. Mwenzake akiwa mzima na akiwa kwenye kiwango, msimu unaisha hivihivi. Mwaka 1998 Misri ilipoifunga Afrika Kusini mabao 2-0 mjini Ouagadougou na kutwaa Kombe la Mataifa chini ya kocha Mahmoud El-Gohary, kipa alikuwa Nader El-Sayed. El-Hadary alipata medali yake ya kwanza ya Afrika akiwa benchi, na miaka 25.

Wengi huishia hapo. Yeye alikaa, akasubiri, akaendelea na mazoezi. Ahly walipobeba Ligi ya Mabingwa Afrika mwaka 2001 alikuwa kikosini, na mwaka uliofuata, katika mechi ya Super Cup ya Afrika jijini Cairo dhidi ya Kaizer Chiefs ya Afrika Kusini, alifanya jambo ambalo makipa hulifanya ndotoni tu: alipiga mpira wa adhabu kutoka mbali, ukampita kipa wa upande wa pili na kutinga wavuni. Ahly walishinda 4-1. Ukitaka kumjua El-Hadary tabia yake, anzia hapo. Makipa wengine hupenda wasionekane, lakini huyu alitaka kila mtu uwanjani ajue yupo. Misri ikishinda mechi kubwa, alikuwa akipanda juu ya mwamba wa goli na kucheza ngoma huko juu, uwanja mzima ukimtazama.

Afrika yote ilimjua Februari 10, 2006. Alikuwa na miaka 33, umri ambao kwetu huku kipa anaanza kuitwa mkongwe na viongozi wa klabu wanaanza kunong'ona. Fainali ilichezwa Uwanja wa Kimataifa wa Cairo, Misri wakiwa wenyeji, wapinzani wakiwa Ivory Coast ya Didier Drogba, iliyokuwa imejaa nyota wa Ulaya. Dakika 120 zikaisha bila bao. Nahodha Ahmed Hassan alikuwa tayari amekosa penalti katika muda wa nyongeza, na Wamisri waliokuwa majukwaani walikuwa wameanza kuiona bahati yao ikiwaponyoka. Ikaja mikwaju. Kwa Ivory Coast alitangulia Drogba, mshambuliaji aliyekuwa akiogopwa kuliko wote barani wakati ule. El-Hadary akaruka na kupangua. Baadaye akaupangua na mkwaju wa Bakary Koné. Mohamed Aboutrika akamalizia kazi, Misri ikashinda 4-2 kwa penalti.

Tazama tena mkwaju ule wa Drogba ukipata nafasi, ila macho yako usiyaweke kwa mpigaji. Mpira wa penalti hupigwa kutoka mita 11, na ukipigwa sawasawa hufika golini kwa muda usiotimia nusu sekunde. Anayesubiri auone ndipo aruke, amechelewa. Anayeruka mapema mno, amemwonyesha mpigaji njia. Kazi yote ya kipa inafanyika katika kile kipande kidogo cha muda kilichobaki katikati, na hapo miguu peke yake haitoshi. Kipa anahitaji kumsoma mpigaji, bega lake, nyonga yake, hatua yake ya mwisho, na kusoma huko hakuji kwa ujana. Kunakuja kwa kupigiwa maelfu ya penalti, mazoezini na kwenye mechi, na kufungwa nyingi.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Mwaka 2008 nchini Ghana, Misri iliifumua Ivory Coast 4-1 katika nusu fainali mjini Kumasi, kisha ikaifunga Kameruni 1-0 jijini Accra kwa bao la Aboutrika. Mwaka 2010 nchini Angola ikaruhusu mabao mawili tu katika mechi sita, ikaifunga Ghana 1-0 katika fainali jijini Luanda. Makombe matatu mfululizo chini ya kocha Hassan Shehata, na mara zote tatu kipa bora akatajwa El-Hadary. Wamisri wakampa jina la Bwawa Kuu, lile la Aswan linaloizuia Nile. Katikati ya makombe hayo, Juni 2009, ilichezwa mechi ambayo mimi naiweka juu hata ya fainali zile: Kombe la Mabara, Uwanja wa Ellis Park, Johannesburg, Misri dhidi ya Italia waliokuwa mabingwa wa dunia. Mohamed Homos alifunga kwa kichwa kabla ya mapumziko, na kilichofuata kilikuwa Italia kushambulia na El-Hadary kupangua, hadi filimbi ya mwisho. Misri 1, Italia 0.

Sasa tufike kwenye doa, maana makala ya kumsifu El-Hadary ikilikwepa itakuwa imedanganya.

Februari 2008, siku chache tu baada ya kurejea na kombe kutoka Accra, Wamisri waliamka wakasikia kipa wao yuko Uswisi. Alikuwa amejiunga na FC Sion, klabu ya wastani ya mji mdogo ulio katikati ya milima, ilhali mkataba wake na Ahly ulikuwa bado haujaisha. Ahly walisema hawakumpa ruhusa. Kesi ikaenda FIFA, kutoka FIFA ikaenda Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo kule Lausanne. FIFA ilimfungia mchezaji miezi minne, ikaamuru Ahly walipwe fidia ya euro 900,000 na kuizuia Sion kusajili kwa madirisha mawili. Rufaa iliishia kupunguza fidia hadi dola 796,500, lakini hatia ikabaki palepale.

Mkia wa kesi ile ulikuwa mrefu kuliko kesi yenyewe. El-Hadary alikuwa ameshaondoka Uswisi zamani, ameshacheza kwingine, Sion ilipoamua mwaka 2011 kusajili wachezaji wapya na kuwatumia katika mechi za mchujo za Ligi ya Europa dhidi ya Celtic ya Scotland. Sion ikashinda uwanjani, Celtic wakakata rufaa wakisema wachezaji wale hawakustahili kucheza kwa sababu ya adhabu ya usajili, na UEFA ikawapa Celtic ushindi wa mezani. Rais wa Sion, Christian Constantin, akaenda mahakama za kiraia. FIFA ikatishia kuifungia Uswisi nzima. Mwisho wa yote klabu ikakatwa pointi 36 katika ligi ya nchi yake. Chanzo cha vurugu yote hiyo kilikuwa kipa mmoja wa Misri kupanda ndege kabla ya muda wake.

Je, alikosea? Alikosea, tena vibaya, na nadhani hata yeye anajua. Alikuwa na miaka 35, na mchezaji wa umri huo akiona mlango wa Ulaya umefunguka kidogo, akili humruka. Ninaelewa tamaa ile, lakini mashabiki wa Ahly hawakuielewa. Kwao ilikuwa usaliti wa mtu aliyelelewa na klabu kwa miaka 12 na kufikishwa kileleni. Na kama vile haikutosha, mwaka 2010 akajiunga na Zamalek, watani wa jadi wa Ahly. Hapa msomaji wa Tanzania hahitaji maelezo: Juma Kaseja naye amewahi kutoka Simba kwenda Yanga, na anajua mwenyewe aliyoyasikia kutoka majukwaani.

Baada ya Sion, ramani ya El-Hadary inasomeka kama ya dereva wa malori. Ismaily, Zamalek, Al-Merrikh ya Omdurman kule Sudan, Al-Ittihad ya Alexandria, Wadi Degla, Ismaily tena, Wadi Degla tena. Soka la Misri lenyewe lilikuwa limeanguka. Februari 1, 2012, mashabiki zaidi ya 70 waliuawa katika Uwanja wa Port Said baada ya mechi ya Al Masry na Ahly, ligi ikasimamishwa, viwanja vikafungwa kwa watazamaji. Timu ya taifa iliyobeba makombe matatu mfululizo ikashindwa hata kufuzu fainali za 2012, 2013 na 2015. Wale wa kizazi cha dhahabu, Aboutrika na Ahmed Hassan na wengine, wakatundika daluga mmoja baada ya mwingine. El-Hadary akabaki, anadaka mbele ya viti vitupu, katika timu ambazo hazikuwa zikigombea ubingwa.

Hicho ndicho kipindi ninachokiheshimu kuliko vyote katika maisha yake ya soka. Kushangiliwa na watu 70,000 jijini Cairo hakuhitaji ushujaa. Ushujaa ni kuamka alfajiri na miaka 40, bega linauma, vidole vimepinda kwa kugongwa na mipira ya miaka mingi, kwenda mazoezini katika klabu isiyo na mashabiki, huku kocha wa taifa akiwa hata hakupigii simu. Watu husema kipa hudumu kwa kuwa hakimbii. Ni kweli kwa sehemu: mapafu na misuli ya paja vya kipa havichakai kama vya winga. Lakini jaribu kujirusha ardhini mara 80 kila asubuhi, ukiangukia nyonga na kiwiko, halafu unyanyuke haraka kwa sababu kuna mpira mwingine unakuja. Peter Shilton alifanya hivyo hadi akafikisha mechi 1,005 za ligi nchini Uingereza. Dino Zoff alifanya hivyo na akanyanyua Kombe la Dunia mwaka 1982 akiwa nahodha wa Italia na miaka 40. Gianluigi Buffon aliacha mwaka 2023 akiwa na miaka 45. Ni wachache, na wote wana tabia moja ya ukaidi.

Tiketi ya Misri kurudi Mataifa ya Afrika ilikatwa hapa kwetu. Juni 2016, Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, Salah alifunga mabao mawili, Mbwana Samatta akakosa penalti, na Taifa Stars ikaaga mashindano huku Misri ikifuzu fainali za Gabon za mwaka 2017. Kocha Héctor Cúper alimbeba El-Hadary kama kipa wa akiba, mzee wa kuwatuliza vijana chumbani. Alikuwa amerudi palepale alipokuwa mwaka 1998, na koti lake, benchi.

Mechi ya kwanza, Januari 17, dhidi ya Mali mjini Port-Gentil, kipa Ahmed El-Shenawy aliumia kabla hata ya nusu saa. El-Hadary akavua koti. Alikuwa ametimiza miaka 44 siku mbili zilizopita, na kwa kuingia tu akawa mchezaji mwenye umri mkubwa kuliko wote katika historia ya mashindano hayo. Mali hawakumfunga. Mechi iliyofuata ilikuwa na Uganda, waliokuwa wamerudi Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza tangu 1978, na Denis Onyango akiwa lango la pili, ametoka kutwaa tuzo ya mchezaji bora wa Afrika anayecheza ndani ya bara. Ilikuwa mechi ya makipa wawili, hadi dakika ya 89 Abdallah El-Said alipompiga bao Onyango. Wakaja Ghana, 1-0. Wakaja Morocco katika robo fainali, 1-0. Mechi nne, mzee wa miaka 44 hajaokota mpira wavuni hata mara moja.

Nusu fainali dhidi ya Burkina Faso mjini Libreville ndipo alipofungwa, na Aristide Bancé, baada ya Salah kutangulia. Ikaenda mikwaju, na El-Said akakosa mkwaju wa kwanza wa Misri. Burkina Faso wakafunga mitatu ya kwanza. Kisha zamu ya nne wakafanya uamuzi ambao hadi leo siuelewi: walimtuma kipa wao kijana, Hervé Koffi, akapige. Kipa kwa kipa, mmoja wa miaka 20, mwingine wa 44. El-Hadary akapangua. Mkwaju wa tano akaja Bertrand Traoré, na huo nao akaupangua. Misri 4, Burkina Faso 3. Miaka 11 ilikuwa imepita tangu ule usiku wa Drogba.

Fainali walifungwa na Kameruni 2-1, bao la ushindi likitoka kwa Vincent Aboubakar dakika mbili kabla ya mwisho. El-Hadary alilia uwanjani. Lakini kwangu mimi mashindano yale ya Gabon ndiyo kilele chake, zaidi hata ya yale aliyobeba kombe, kwa sababu hakuna aliyemtegemea, hakuna aliyempangia nafasi, na timu iliyokuwa mbele yake haikuwa ile ya Aboutrika.

Mwaka huohuo alikutana tena na Waganda, safari hii katika kuwania Kombe la Dunia. Agosti 31, 2017, Namboole, Emmanuel Okwi, aliyekuwa ndiyo kwanza amerejea Simba, alimfunga bao pekee la mechi, na mashabiki wa Msimbazi wakajigamba kwa wiki nzima kwamba mtu wao amemtungua El-Hadary. Siku tano baadaye Misri wakalipiza 1-0 huko Borg El Arab. Oktoba 8, katika uwanja uleule wa Borg El Arab, Salah alifunga penalti ya dakika ya 95 dhidi ya Congo Brazzaville, Misri ikafuzu Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza tangu 1990. El-Hadary alikuwa nahodha wa timu ile. Mwaka 1990 alikuwa mvulana wa miaka 17 anayefua nguo mtoni.

Urusi yenyewe ilikuwa majonzi. Salah aliingia akiuguza bega lililoumizwa katika fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya. Misri ilifungwa na Uruguay, ikafungwa na Urusi, na mechi mbili hizo kipa alikuwa Mohamed El-Shenawy. Mechi ya tatu haikuwa na maana tena, Misri na Saudi Arabia wote wameshatolewa. Cúper akamweka mzee langoni, na wapo waliosema kwamba hiyo ni zawadi ya kustaafu, kwamba Kombe la Dunia limegeuzwa sherehe ya kuagana.

Ningekubaliana nao, kama isingekuwa dakika ya 41. Misri walikuwa mbele kwa bao la Salah. Mwamuzi akatoa penalti kwa Saudi Arabia, mpigaji Fahad Al-Muwallad, kijana wa miaka 23. Alipiga kwa nguvu na juu, sehemu ambayo kipa wa kawaida huishia kupiga picha. El-Hadary akaunyoosha mkono mmoja, akaugusa mpira kiasi cha kuupandisha, ukagonga mwamba na kutoka. Alisimama, akanyoosha mikono, wenzake ambao baadhi wangeweza kuwa wanawe wakamrukia. Kabla ya mapumziko Saudi Arabia walipata penalti nyingine na safari hii wakafunga, na katika dakika za nyongeza za kipindi cha pili wakapata bao la ushindi, 2-1. Jedwali linaonyesha kwamba El-Hadary alifungwa. Lakini mtu aliyepewa zawadi hapangui penalti namna ile. Katika fainali zile, kwa taarifa yako, makocha watatu walikuwa wadogo kwake kiumri: Aliou Cissé wa Senegal, Roberto Martínez wa Ubelgiji na Mladen Krstajić wa Serbia.

Agosti 2018 aliaga timu ya taifa, akiwa ameichezea mara 159. Klabuni aliendelea hadi mwaka 2020, ndipo akavua glovu. Alipokuja kurudi timu ya taifa alirudi kama kocha wa makipa chini ya Carlos Queiroz, na kazi yake ilionekana upesi. Katika Mataifa ya Afrika yaliyochezwa Kameruni mwanzoni mwa 2022, kipa namba moja aliumia, akaingia wa akiba, Mohamed Abou Gabal, anayejulikana kama Gabaski. Akapangua mkwaju dhidi ya Ivory Coast, akapangua mingine dhidi ya wenyeji Kameruni, na katika fainali akapangua penalti ya Sadio Mané dakika za mwanzo kabisa. Misri ilifungwa na Senegal kwa mikwaju, lakini kipa wa akiba alitajwa mchezaji bora wa fainali. Aliyekuwa akimfundisha alijua benchi lilivyo.

Nimemtaja Kaseja kwa makusudi. Kaseja aliwatoa Zamalek katika mikwaju jijini Cairo mwaka 2003 akiwa kijana mdogo, na mwaka 2019, watu wameshamzika kisoka, Taifa Stars ikamwita tena akasaidia kuwatoa Kenya na Burundi kwa penalti. Alikuwa na miaka 34. Kwetu ilionekana muujiza, ilhali kwa hesabu za El-Hadary Kaseja alikuwa bado hajafika hata mwaka ule wa Uswisi. Viongozi wa klabu zetu wanaowaacha makipa wa miaka 32 kwa kosa la mechi moja ya watani, huku wakisajili wa nje kwa fedha nyingi, wangefaa kuitazama ramani ile ya Misri kabla ya kusaini barua ya kumwachia mtu.

Nirudi kwenye rekodi. Ile ya umri inaweza kuvunjwa. Cristiano Ronaldo, aliyezaliwa Februari 5, 1985, angelazimika kuwa uwanjani katika Kombe la Dunia baada ya Julai 16, 2030, na kwa jinsi tunavyomjua siwezi kuapa kwamba hatajaribu. Makombe matatu mfululizo ya Mataifa ya Afrika ni hesabu nyingine kabisa. Tangu El-Hadary na wenzake walinyanyue la tatu jijini Luanda mwaka 2010, hakuna bingwa aliyefanikiwa kulitetea hata mara moja.